Wanga Uliogoma Kuwa Mweupe

Jumamosi. Joto tangu asubuhi, mawingu yamejaa upande wa mto na mvua haitaki kunyesha. Mimi nimenuna kuliko hayo mawingu.

Kwa asiyejua: mémoire yangu ya chuo, yaani tasnifu ya kuhitimu, ni kutenganisha wanga na protini za mahindi. Unaloweka punje kwenye maji ya tindikali yenye kiberiti, yaani salfa, mpaka zilainike, unasaga, unachuja makapi. Yanabaki maji kama maziwa. Hayo unayapitisha polepole kwenye mfereji wa bati ulioinama kidogo: wanga ni mzito, unatulia chini, protini ni nyepesi na ya njano, inaondoka na maji.

Kwenye vitabu.

Leo ilikuwa lazima ifaulu. Profesa wangu anapanda boti kesho kwenda Basoko, na asipouona wanga mweupe siwezi kuanza kuandika. Pampu ya kusukuma hayo maji mferejini ilianza vizuri. Mimi na Aline, mwenzangu wa maabara, tuliinamia mfereji tukitazama weupe ukijipanga chini. Nilikaribia kupiga vigelegele.

Courant ikakatika: hakuna umeme.

Pampu ikanyamaza, maji yakasimama, na protini, badala ya kwenda zake, ikajilaza juu ya wanga kama blanketi. Nikaona niisuuze. Nikamwaga maji kwa hasira. Wanga nao ukaondoka, ukaingia kwenye ndoo ya maji machafu.

"Weye! Uko unamwanga mémoire yako mu ndoo!" Aline akapiga kelele.

Nilimjibu vibaya. Nilimwambia aende kwao.

Hakuenda. Alikusanya vyote kwenye ndoo ile, akakoroga upya, akachukua kopo na kuanza kumimina mferejini kwa mkono, uzi mwembamba wa maji usiokatika, huku mimi nimekaa pembeni nikilia kama mtoto. Mkono wake ulipochoka, nikafuta uso nikampokea kopo.

Jioni tulipanda pikipiki moja mpaka Kabondo, kwa profesa, nimekumbatia sinia ya wanga mbichi. Tulimkuta anafunga sanduku lake. Alichota kidogo, akasugua kati ya vidole, akausogeza kwenye mwanga wa mlango.

"Ma fille, njano bado iko."

"Kidogo tu, Prof."

"Kidogo iko, donc iko. Uko karibu. Rudilia, nitaangalia nikirudi."

Karibu! Afadhali angesema hapana, ningelala.

Aline alicheka njia nzima ya kurudi. Mimi bado sijacheka. Tulipitia maabara nikaloweka punje nyingine, na safari hii pampu itakaa kabatini: tutamimina kwa mkono tangu tone la kwanza, courant iwepo ao isiwepo.

Kabla hatujaachana nilimwomba msamaha kwa yale maneno. Akasema msamaha wa midomo haushibishi, anataka lituma ya ndizi.

Basi kesho nitamtwangia ndizi, kwa mikono hii hii inayonuka kiberiti. Ale hivyo hivyo.