Mizani, Ukurasa wa Kumi na Tisa

4 Machi

Mwanangu kipenzi,

Umekula? Mama yako amesema nianze na hilo, kwa sababu nikiuliza "hujambo" utajibu "sijambo" hata kama umelazwa. Sisi huku wazima. Kiti kimoja cha kunyolea kimevunjika mguu, lakini yangu yote miwili ipo.

Tangu uajiriwe gazetini, gazeti nanunua kwa ajili yako. Wateja wanapata makombo. Likishuka kwenye basi la asubuhi naligawa benchi zima, kila mtu na kurasa zake. Mwalimu mstaafu hupewa tahariri, maana asipokasirika asubuhi hashibi. Fundi baiskeli huchukua michezo. Hata timu yake ikifungwa husoma mpaka mwisho, labda wamebadili mawazo. Kijana wetu anayetafuta kazi hupewa matangazo madogomadogo. Juzi alitoka humu anataka kununua jenereta. Mwenye duka huanza na tanzia. Anasema ndio ukurasa pekee ambao hakuna mtu anayesemwa vibaya.

Kabla ya kugawa nazipitia zote nikitafuta jina lako. Ukurasa wa mbele hakuna. Huko kuna mawaziri wanakata utepe. Habari za kimataifa, hakuna. Biashara, hakuna. Nimetafuta mpaka kwenye hali ya hewa. Na mama yako ameshautangazia mtaa mzima kwamba habari kubwa unaandika wewe. Wanawake wakiniuliza ni ipi, nawaambia habari kubwa haziwekwi jina, kwa usalama. Nimesema kweli?

Macho ya mama yako yamezidi ukungu. Daktari anasema ni mtoto wa jicho. Nikamwambia mama yako, hatimaye tumepata mtoto asiyetaka kuhama nyumbani. Hakucheka. Upasuaji ni tarehe ishirini na mbili Aprili, na daktari ameonya kwamba akichelewa, la kushoto halitarudi. Kwa sasa gazeti namsomea mimi, jioni, tukishafunga kibanda cha kunyolea.

Baba yako

17 Machi

Baba mpendwa,

Shikamoo, na Mama pia shikamoo yake. Nimekula, tena sufuria nimeosha.

Ulichowaambia ni kweli kiasi. Sisi wageni majina yetu hayatoki. Nimekalishwa meza moja na mchora katuni, ambaye sijawahi kumwona akitabasamu. Nyuma yetu yuko mama wa tanzia. Huyo hucheka kutwa. Juzi nilikwenda mwenyewe kuandika habari ya daraja lililobomoka, nikarudi na matope magotini. Mhariri wetu akaishukia na kalamu yake nyekundu, ikabaki mistari mitatu chini ya tangazo la magodoro. Nililia kidogo. Usimwambie Mama.

Hospitali aende, Baba, nakuomba. Ruhusa ya kuja sijapata, nimeomba mara mbili. Mwambie akienda ni kama nimekuja.

Binti yenu

3 Aprili

Mwanangu,

Umekula? Huku tumekula, ila hakuna aliyesikia ladha.

Mama yako hataki tena kwenda.

Kila Jumamosi namsomea nyota, ukurasa wa kumi na tisa, kati ya mapishi na chemshabongo. Zamani alikuwa akizicheka. Tangu mwezi wa kwanza ananyamaza mpaka nimalize, halafu ananiambia nisome na za wenzake. Jumamosi iliyopita nikafika kwake: "Mizani: Jihadhari na mtu mwenye kitu cha kukata mkononi. Atakuchekea, lakini utatoka kwake umepungua."

"Rudia," akasema.

Nikarudia.

"Basi siendi."

"Mke wangu, hiyo ni nyota, si daktari."

"Daktari ana nini mkononi?"

"Kitu cha kukata."

"Hacheki?"

Nikakumbuka. Anacheka, tena meno yote.

"Mbona hata mimi nashika wembe kutwa?"

"Na wewe nimejihadhari nawe tangu siku ya harusi."

Nimembembeleza, nimenuna, nimemtuma mwalimu mstaafu akaja na hoja saba. Alitoka amenywa chai na hoja zote amerudi nazo. Jana mama yako alimwaga chai nje ya kikombe akajifanya alikusudia. Akigeuka upande wa kushoto hanioni kabisa, nami nimeanza kuhamia kulia bila kusema.

Wewe uko humo ndani. Huyo mnajimu wenu ni nani? Mwambie aje huku anyolewe, bure.

Baba yako

8 Aprili

Baba,

Shikamoo. Kama umesimama, kaa.

Mnajimu ni mimi.

Wa zamani aliondoka mwishoni mwa mwaka, na mhariri akaniambia kila mtu huanzia mahali. Habari za kweli nafanya nikipata upenyo; nyota ndiyo kazi niliyoajiriwa. Kila Ijumaa naandika zote kumi na mbili kabla ya chai ya saa nne. Sijui lolote juu ya nyota, Baba. Nikitazama juu naona feni.

Yule mwenye kitu cha kukata ni mhariri. Nilikuwa bado na uchungu wa daraja langu, na zamu ilikuwa imefika kwa Mizani. Sikufikiria kwamba Mizani ni Mama. Niliwaza watu wa Mizani kama mtu anavyowaza watu wa ng'ambo.

Usimwambie. Akijua nyota ni zangu, atajua na ile habari kubwa haipo, na ameshautangazia mtaa. Ijumaa hii nitaandika Mizani yake tu, hao wengine watajijua. Msomee polepole.

Binti yenu

14 Aprili

Mwanangu mnajimu,

Nilikaa kwa muda. Kisha nikacheka peke yangu mpaka mteja akaniomba niweke wembe chini.

Jumamosi nilisafisha koo nikasoma: "Mizani: Yule mwenye kitu cha kukata ameshapita. Kuna mlango unauogopa. Ingia, aliye ndani anaijua kazi yake. Chukua sweta."

Nikajisemea, hilo la sweta binti yangu amezidisha, tumekamatika.

"Soma hilo la mwisho," akasema.

"Chukua sweta."

Aliweka mkono kwenye goti langu, akainamisha kichwa. Nikadhani amesinzia. Halafu akasema, "La kijivu liko wapi?" Na hapohapo akaanza kunigombeza kwamba nimelitumia kufutia kioo cha kinyozi. Ni kweli, nililitumia. Nimelifua mwenyewe.

Tutakwenda. Nami nitakwambia jambo moja: sasa anayeogopa ni mimi.

Baba yako

5 Mei

Baba,

Shikamoo. Tarehe ishirini na mbili imepita na barua haijaja. Nimeuliza mapokezi mpaka yule dada akiniona kwa mbali anatikisa kichwa. Niandikie hata mstari mmoja, hata ukiwa mbaya.

Ijumaa iliyopita nyota zote kumi na mbili niliziandika neno moja: subira. Mhariri hakugundua. Ni mimi tu nilizisoma moja moja, nikitafuta iliyo nzuri.

Binti yenu

12 Mei

Mwanangu,

Umekula?

Mwandiko huu ni wangu. Ukiona mistari inapanda kilima, vumilia. Kuna jicho moja kazini, la pili linangoja kufunguliwa Jumatatu. Baba yako alitaka kukuandikia siku ileile, nikamkataza. Nilitaka uione barua kwa mkono wangu. Najua nimekutesa. Nilidhani nitaweza kuandika mapema kuliko hivi.

Gazeti nimelisoma lote mwenyewe. Mawaziri wamenenepa tangu niwaone mara ya mwisho. Baba yako pia nimemwona. Hayo tutaongea ukija.

Mpumzishe baba yako na siri zenu. Nilikujua tangu mwezi wa kwanza. Mnajimu gani anawaambia Simba waanike magodoro, na Mapacha wasimjibu mtu wakiwa na njaa? Hayo ni maneno ya jikoni kwangu, niliyapigia kelele mpaka sauti ikakauka, sikujua kama yamekuingia. Baba yako kila Jumamosi alidhani ananisomea nyota. Mimi nilikuwa nasikiliza barua yako. Wanawake wa mtaa wakiniuliza unaandika ukurasa gani, nawaambia ule mnaoanza nao. Wanaangalia chini.

Sasa uliposema nijihadhari na mwenye kitu cha kukata, nikasema basi, mtoto ameogopa. Yuko mbali, hana ruhusa, hawezi kusema waziwazi, amelipitishia kwenye gazeti. Nitakwendaje kulazwa na roho ya mwanangu iko juu juu? Nikasema siendi mpaka apoe. Kumbe, baba yako alivyokiri kando ya kitanda changu, ulikuwa unamgombeza mhariri! Nimecheka hadi nesi akaja kuangalia bandeji.

Ukapoa, ukaniambia niingie, nikaingia. Sweta lilisaidia, mle ndani kuna baridi. Woga wangu mwenyewe nilikwenda nao. Tukalala kitanda kimoja, na asubuhi walipofungua jicho haukuwepo.

Mama yako