Mzigo wa Njombe

Majidi, naapa kwa kaburi la mama, safari hii sitii chumvi hata punje.

Leo vijana wa ile kampuni yetu ya mabasi waliniita niwaeleze tulivyoiokoa mwaka tisini na tatu, watu binafsi walipoingiza magari yao na kutunyang'anya abiria.

Nikawamwagia! Nikasema mimi ndiye niliyefuata safari hatua kwa hatua, toka tiketi, mizigo, njiani, mpaka abiria anaposhuka, nikitafuta wapi tunamfaidisha na wapi tunampotezea muda. Nikagundua tatizo liko kwenye keria, mizigo inavyopangwa kule juu ya basi. Makofi!

Kumbe Asumpta, yule karani wetu wa tiketi, amekaa nyuma. Asumpta mwenyewe! Na unajua kazi ile ya kufuata safari aliifanya yeye, si mimi.

Akauliza taratibu, "Kaka Ramson, basi la kwenda Dar, mzigo wa Njombe ulipanga tuupandishe wa kwanza au wa mwisho?"

Nikajibu, "Wa kwanza, maana ndio unaoshuka kwanza."

Dereva mmoja akaangua kicheko. "Babu, si utakuwa chini kabisa? Njombe tutashusha keria nzima!"

Asumpta hakucheka. "Miaka thelathini naisikia kazi yangu mdomoni mwako. Mume wangu amekufa akidhani mimi ndiye mwongo."

Majidi, amekufa akidhani hivyo!

Meneja alipoleta koti la heshima waliloniandalia, nikalichukua, nikamvisha Asumpta mbele ya wote. Nikasema, "Aliyefanya ni huyu. Mimi nilikuwa stendi, napiga debe."