Leo Mawingu, Baba Khue

Mwaka umetimia, Baba, tangu tukuzike kule shambani, ng'ambo ya mto Hau. Jana tulikufanyia karamu yako ya mwaka: mchuzi mchachu wa samaki, na samaki wa chungu mwenye pilipili manga, chumvi imezidi kidogo kama ulivyopenda.

Wenzako chuoni walikuita Profesa Lu Khac Nghiem, bingwa wa taaluma ya mwanga. Sisi tulikujua kwa mengine. Soksi zako hazikufanana hata siku moja. Ulikuwa ukiwaazima wanafunzi baiskeli, halafu unarudi nyumbani kwa miguu huku unapiga mluzi. Na ukigombana na mtu, hata awe mkuu wa chuo, ulimaliza kwa kumkaribisha kula.

Maisha yako yote ulitafuta kitu kimoja: seli ya jua, ya kugeuza mwanga kuwa umeme, nyembamba kama karatasi, ambayo hata maskini angeimudu, isiyoozeshwa na unyevu wa kwetu Can Tho. Kila masika ziligeuka manjano, zikafa. "Profesa wa kuozesha!" Mama alikutania. Nawe ukacheka mpaka machozi. "Haya cheka tu, mama we. Siku moja utapikia hizo hizo."

Kisha zile za mwisho, ulizozitandaza juu ya paa letu, zikavuka masika mawili. Chuo kikaahidi: zikivuka ya tatu, maabara yako itabaki. Ukiwa kitandani, mapafu yamekwisha, ulituusia jambo hilo tu. "Msiziguse. Hata vumbi liacheni, vumbi nalo ni sehemu ya jaribio." Kila jioni Mama alipanda ngazi na kipimo cha umeme, akashuka kukusomea mshale. Ulipofariki hakuacha. Akawa anaisomea picha yako.

Basi ikaja Tet. Unaijua nyumba yetu mwaka mpya ukikaribia, ufagio haulali. Mama akiwa sokoni, dada yake, Mama Mkubwa Nhan, akapanda paani na sabuni na brashi ya waya. Alisugua mpaka zikang'aa, na gundi ya kingo ikatoka yote.

"Nyumba ya marehemu haiingii mwaka mpya na uchafu kichwani," akamwambia Mama aliporudi, uso umemchangamka. "Shemeji angeniona leo!"

"Dada! Umefanya nini, dada?"

"Nimeosha. Kwani vipi?"

Mama akakaa chini pale pale uani, maua ya Tet mkononi. Hakumgombeza. Angemgombezaje mtu kwa usafi wa Tet?

Mvua zilipoanza, maji yakaingia. Seli zikageuka manjano moja baada ya nyingine, na maabara ikafungwa. Sasa wanaweka humo viti vibovu. Mwanafunzi wako Dang anaweza kuziunda upya, lakini masika matatu mengine nani atayangojea? Tulimuuliza kama zile zingevuka lau zisingesuguliwa. Akainamisha kichwa. "Hatutajua kamwe," alisema. Hilo ndilo linalotuuma, Baba. Zingekufa zenyewe tungelia, yakaisha.

Jana jua lilikuwa kali, vigae vinachoma. Mama Mkubwa alikaa nyuma kabisa, hakugusa chakula. Mama akapanda ngazi na kipimo chake kama kawaida, akashuka, akawasha ubani mbele ya picha yako. Tulimsikia.

"Leo mawingu, Baba Khue," akakuambia. "Mshale haukupanda. Tungoje kesho."

Ndivyo anavyokuambia kila jioni tangu masika. Hatuna moyo wa kumkatiza. Lakini wewe hukupenda kudanganywa kuhusu vipimo, ndiyo maana tunakuandikia gazetini, maana Mama siku hizi hasomi gazeti. Hakuna mawingu, Baba. Zimekufa zote.

Unakumbukwa na mkeo Diep, wanao Khue na Thuc, shemeji yako Nhan, na mwanafunzi wako Dang. Hatutakusahau, Baba, na jua likiwaka ndiyo zaidi.