Dakika Arobaini za Asger

Ribe, 24 Julai 2018

Maiken mwanangu,

Natumaini mlifika Aarhus salama, wewe, Jeppe na mtoto. Mimi ni mzima, kama kuna anayeuliza. Umenifungia simu, basi nakuandikia.

Miaka sabini yangu tulipanga kuisherehekea pamoja kwenye ile bustani ya michezo, siku nne. Wewe ukaondoka siku ya pili bila kuaga, keki ikabaki mezani na vibendera vyake. Kabla ya hapo ukanifokea mbele ya foleni nzima ya watu waliosubiri kupanda farasi wa mbao wa kuzunguka, eti mimi si mtu wa kuachiwa mtoto. Majirani zangu wawili walikuwa kwenye foleni ile.

Mtoto alipotea dakika arobaini, akapatikana mzima. Wewe mwenyewe ulipotea sokoni ukiwa na miaka minne, na sikumtukana mtu. Nasubiri uniombe radhi.

Mama yako

Aarhus, 2 Agosti

Mama,

Habari za huko. Sisi wazima, ila Asger halali. Hata nikienda chooni analia mpaka anatapika.

Unasema dakika arobaini kama mtu aliyekuwa anangoja basi. Nilikukabidhi mtoto ambaye hajafikisha miaka mitatu, amefungwa mkononi ile kamba yake ya kumzuia asipotee, nikakwambia, "Mama, usiifungue, huyu anakimbia." Mimi na Jeppe tulikwenda kupanda treni moja tu ya michezo palepale bustanini, mara yetu ya kwanza kuwa wawili tangu azaliwe. Tukarudi, kamba iko mezani na wewe umekaa. Umekaa, Mama. Dada wa kibanda cha kahawa aliniambia hukuinuka hata mara moja. Asger walimkuta ukingoni mwa bwawa la maboti, kiatu kimoja kimeshaingia majini.

Siombi radhi. Oktoba, siku yake ya kuzaliwa, usije.

Binti yako,
Maiken

Ribe, 9 Agosti

Maiken,

Poleni na kukosa usingizi. Mimi sijambo.

Hilo la kiatu hukuniambia. Lakini kamba niliifungua kwa sababu mjukuu wangu si mbwa, na watu walikuwa wanatutazama. Nimelea watoto watatu bila kamba na wote mko hai. Yule msichana wa kahawa macho yake yalikuwa kwenye simu muda wote, leo ndiye shahidi wako dhidi ya mama yako.

Oktoba nitakuja. Sihitaji ruhusa kumwona damu yangu.

Mama yako

Aarhus, 15 Oktoba

Mama,

Natumaini ulifika nyumbani salama, maana mvua ilikuwa kubwa.

Nilikwambia usije, ukaja. Ukasimama kwenye ngazi na zawadi yako mpaka Jeppe akaona haya, akatoka kuipokea. Asger alikuona dirishani akajificha chini ya meza. Usiseme nimemfundisha. Lile gari la mbao nimempa mtoto wa jirani.

Usiandike tena.

Maiken

Ribe, 3 Novemba

Maiken mwanangu,

Safari hii sitauliza hali, najua hutanijibu.

Msichana wa kahawa alisema kweli, sikuinuka. Tangu Aprili daktari aliniambia nyonga yangu imekwisha, natembea kwa vidonge. Asger alikuwa anaivuta ile kamba, na kila akivuta maumivu yananipanda mpaka kichwani. Ndiyo maana nikaifungua. Hayo ya mbwa niliyasema tu.

Akashuka kwenye kiti, akaenda. Nilimwona, Maiken. Nilimwita, akageuka akacheka, akadhani tunacheza. Nikajaribu kusimama, mguu ukakataa, nikaanguka palepale kitini. Nikautazama mgongo wake mpaka watu wakauficha. Mzee mmoja na mkewe waliniuliza kama niko sawa. Nikawaambia niko sawa.

Nilijua mkiyajua ya nyonga hamtaniachia tena mtoto. Wananipasua tarehe ishirini.

Mama yako

Aarhus, 12 Novemba

Mama,

Pole kwa maumivu. Barua yako nimeisoma mara mbili, kisha nikampa Jeppe.

Miezi yote hii nilidhani ulizembea. Afadhali ungezembea. Yule mzee na mkewe walisimama mbele yako wakakuuliza, na mtoto alikuwa bado hajafika majini. Ungewaambia tu, "Mkamateni yule." Ukaona heri apotee kuliko watu wajue huwezi kusimama. Na Aprili ulijua, Julai ukanyoosha mkono kuipokea kamba ukitabasamu.

Tarehe ishirini Jeppe atakupeleka hospitali na atakurudisha. Mimi sitakuwemo garini. Upone.

Ukiweza kutembea, njoo Jumapili moja. Utakaa na Asger sebuleni saa nzima, mimi nikiwepo, mlango umefungwa na ufunguo mfukoni mwangu. Akikukimbia, usimwite. Nitamfuata mimi.

Mama Asger