Jicho Langu Kwenye Apareyi

Jumatatu, 7/10/2024
Daftari yangu, salaam aleikum. Uko muzima? Siku nyingi sijakufungua. Mimi mwili iko salama, alhamdulilahi. Macho ndiyo yamechoka. Foto za harusi ya juzi hapa Kasongo: ukuta safi kabisa, bibi harusi kama yuko ndani ya moshi. Apareyi yetu ya kupiga foto ni ya zamani — sura inatafutwa kwa kuzungusha kioo cha mbele na mukono, na mimi kwenye tundu ya kuchungulia sioni tena vizuri. Nikivaa miwani, jicho linakaa mbali na tundu, nakata watu vichwa.

Mudogo wangu Kamaldine anapiga upande wa wanaume, mimi wa wanawake. Apareyi ni moja. Leo akaniambia mimi dada yake: yaya, kama mukono umeanza kutetemeka, Célestine, yule anayejifunza kazi kwetu, anaweza kuingia kwa wanawake. Miaka kumi na tisa ya kazi yangu.

Jumatano, 9/10
Katembo, yule muuza simu wa sokoni, ameniletea toka Bukavu vioo vidogo vitatu vya kupachika kwenye tundu. Nilizani nachukua chenye namba ya miwani yangu ya kusomea Kurani. Hapana.
"Mama Mounira, angalia ile mistari myembamba ndani. Usiangalie mutu."
Kile chenye nguvu ndogo — mistari ikatulia. Nikaona hadi vipele vya Katembo, nikamwambia. Akaacha kucheka.

Nikakiacha kwenye tundu, sikumwambia Kamaldine. Mungu anisamehe. Ni aibu tu.

Ijumaa, 11/10
Tumefika Wamaza, mimi na Kamaldine. Pikipiki toka alfajiri, matope mpaka kiunoni. Kesho ndoa ya Rachida. Mama yake amenishika mukono: nyanya yuko Kabambare, hawezi tena kusafiri, atamuona mujukuu kwa foto tu. Ile ya kufunuliwa uso usikose, mama. Kufunua ni mara moja.

Jumamosi, 12/10, baada ya alasiri
Niko chumba cha wanawake. Kamaldine amemaliza musikitini, apareyi ameituma na Régina, jirani wa akina Rachida, anayepeleka chakula kwa wanaume. Nachungulia — moshi. Kioo hakuna. Régina anasema: kuna kipande kilimufunga macho, amekitoa, amekitia mufukoni. Ni kitu gani, mama? Nikasema, kitu tu.

Nimejaribu kwa kukisia. Sijui kama nimeshika uso ao pazia. Kamaldine anakula na wanaume, siwezi kuingia kule. Wakimaliza kula, wakinawa mikono, bwana harusi anakuja, mutandio unafunuliwa.

Régina amesimama, anangoja karatasi ya kumupelekea Kamaldine. Anajua kusoma. Basi asome. Naandika hapa kwanza nisikosee:

Kamaldine, salaam. Kile kipande kiko kwako ni kioo cha jicho langu. Bila hicho Rachida simuoni. Mukono wangu hautetemeki, ni macho, tangu mwaka jana. Nilikuficha. Mupe Régina sasa hivi. Kama unataka Célestine, sema pia. Nijibu mbio.