Mpira wa Semina

Baba Robi,

Ugali nimeufunika kwenye sufuria, dagaa wako kwenye bakuli. Ng'ombe sijawanywesha. Mimi na Robi tumekwenda kwa mama yangu, Manchira. ~~Tutarudi kesho.~~ Tutarudi nikijisikia.

Asubuhi ulipokuwa unaoga, Robi aliukuta ule mpira wa matambara uliowashonea akina baba wa kikundi cha malezi. Ulipotoka akakuomba mcheze. Ukamnyang'anya: "Huo ni wa semina, utauchafua!" Alipolia ukamfinya sikio. Mtoto wa miaka minne! Kisha ukavaa fulana ya mradi, ukaenda kuwafundisha wanaume wa Kerende kwamba mtoto akilia, baba anachuchumaa na kumsikiliza.

Na unafundisha vizuri, nimekusikia kwa masikio yangu. Wanawake wenzangu wananionea wivu.

Kuku mwenye vifaranga umfungie mapema, kicheche anazunguka.

Ulipoondoka, Robi alikaa mlangoni. Nikamuuliza anawaza nini. Akasema, "Mama, nikiwa mtoto wa kule kikundini, baba atanipenda?"

Ndipo nikafunga nguo zetu.

Mama Robi