Njia Iliyolala

Shuleni, Kanoni
Jumatatu jioni

Kaka yangu Pastori,

Shikamoo. Kabla sijauliza habari za mtu mwingine nauliza za Mama. Anakula? Anapata usingizi? Ule uvimbe wa tumbo umepungua hata kidogo? Ninyi wengine nawaombea mwe wazima. Mimi mwilini sijambo, ila nyayo zimejaa malengelenge, na sababu ya malengelenge hayo ndiyo inayonifanya nikuandikie.

Jumamosi nilikuja, Kaka. Nilikuja na sikufika.

Barua yako ilinifikia Alhamisi. Niliposoma kwamba Jumapili hii inayokuja Mama atabebwa kwa machela mpaka barabarani, apakiwe kwenye lori kwenda kupasuliwa Bukoba, na kwamba kila jioni anauliza kama nimekuja, nilikwenda kwa Mwalimu Mkuu. Nilisimama mlangoni kwake mpaka akaniuliza kama nimetumwa kuushikilia mlango. Akanipa ruhusa ya Jumamosi na Jumapili.

Nilitoka alfajiri na viazi vitamu kwenye kitambaa na kibuyu cha maji. Kilima cha kwanza nilikipanda vizuri. Kinamasi nilikivuka juu ya magogo, nikazama mara moja tu mpaka magotini. Lakini kule juu penye mawe, njia za watu zimechanganyika na njia za ng'ombe, na hakuna hata kigingi cha kukuambia uko wapi. Hapo ndipo nilipogundua jambo la aibu. Njia ile nimeipita mara sita, na siijui. Kila mara wewe ulitangulia, nami nikatazama visigino vyako. Visigino vyako nikivikuta sokoni Kayanga katikati ya watu mia nitavitambua. Njia siitambui.

Nikafika njia inapogawanyika mbili. Katika njia ya kushoto palikuwa na tawi bichi limelazwa katikati. Nilikwisha kusoma katika kitabu cha shule kwamba wasafiri wa nchi fulani huacha matawi nyuma yao, wanaowafuata wajue walikopita. Nilifurahi, Kaka. Nikajiona nimeokolewa na kusoma. Nikaliruka lile tawi nikashika kushoto.

Nilikwenda mpaka jua likapita utosini. Njia ikawa nyembamba, ikawa ya mbuzi, halafu ikawa mawe matupu, kisha nikasimama ukingoni mwa genge. Ng'ambo niliona moshi wa migombani kwetu. Niliuona kabisa, na pa kuteremkia hapakuwapo.

Lakini linaloniuma zaidi si hilo. Kabla ya kufika gengeni nilimkuta bibi mmoja akiokota kuni. Akaniuliza, "Mwanangu, unakwenda kwa nani?"

Nikamjibu, "Natembea tu, bibi."

Akacheka. "Anayetembea tu habebi viazi."

Kaka, alikuwa amenifungulia mlango. Ningesema neno moja angenirudisha. Nikaona haya, mtoto wa shule mwenye kitabu kwapani, kusema nimepotea. Nikainamisha kichwa nikampita. Mama ananiulizia kila jioni, nami natembea tu.

Nilirudi shuleni nikichechemea. Wenzangu wakaniita Msomi wa Gengeni, na jina limeshika. Ni mpishi wetu aliyenifumbua macho, mtu wa Nyakasimbi, mkali kwa masufuria na kwa watu. Alinipa maji ya moto ya kukanda miguu akauliza nilipita wapi. Nilipomweleza habari ya tawi aliweka mwiko chini.

"Tawi lilikuwa limesimama au limelala?"

"Limelala."

"Basi na njia imelala. Unamkanyaga aliyelala?"

Nikamwambia kitabu kinasema vingine.

"Huyo mwandishi alipita lini hapa?" akasema. "Jumamosi wamepita watu wa harusi wakielekea Kyerwa. Waliotangulia wameifunga njia mbaya ili bibi zao wanaokuja nyuma wasipotee. Wakakufungia na wewe bure, ukaruka."

Kumbe hata wewe hufanya hivyo, Kaka. Nimekumbuka sasa ulivyokuwa ukiinama njiani kung'oa majani, nikidhani unacheza.

Mwalimu Mkuu amenipa ruhusa tena, akasema ndiyo ya mwisho, maana Jumatatu ijayo ni mtihani na nisiporudi jina langu litafutwa. Nimemshukuru. Sikumwambia kwamba kama itabidi nichague nimekwisha chagua.

Barua hii nitaituma kesho kwa yule kijana wa baiskeli wa duka la Mswahili pale Kayanga. Anazunguka kwa barabara na amesema Alhamisi atakuwa kwenu. Naomba Ijumaa upande mpaka penye mawe, uzilaze njia zote mbaya. Laza majani mengi, si tawi moja, na ukandamize kwa jiwe yasipeperushwe na upepo. Mimi nitatoka Jumamosi, jogoo la kwanza. Kinamasini niwe nimevuka jua likichomoza, penye mawe saa nne, na kwenye ule mkuyu, njia ya bondeni inapokutana na yetu, saa nane. Nimeandika hivi kwa kukisia, maana saa ninazozijua ni za miguu yako.

Sasa hofu yangu. Wabeba machela hawawezi kupanda mawe, watapita bondeni. Mama akizidiwa mkamwondoa Jumamosi badala ya Jumapili, yeye atakuwa anateremka nami napanda, tutapishana na kilima katikati, bila kuonana. Kwa hiyo mkishapita naye, laza majani pale mkuyuni kwenye njia ya nyumbani. Nikikuta njia ya nyumbani imelala nitajua Mama yuko mbele, nami nitakimbilia bondeni mpaka niwakute. Machela huenda polepole. Nitawakuta.

Na kama ni lile jambo jingine, ambalo siliandiki, usiweke majani. Simama wewe mwenyewe chini ya mkuyu nikuone.

Nisalimie Baba, mwambie kahawa nitakuja kumsaidia kuianika likizo. Nisalimie shemeji anayemwogesha Mama, Mungu amlipe mikono ile. Nisalimie Shangazi mfinyanzi, na mdogo wetu Koku, asiguse vitabu vyangu kwa mikono yenye majivu. Mama msomee barua hii, ila ruka habari ya genge. Mwambie nimesema nakuja, naye asichoke kuuliza.

Mpishi amenifunza maneno ya kumwambia kila nitakayemkuta njiani, mkubwa kwa mdogo, hata mchunga mbuzi. Tangu jana nayasema peke yangu nikifagia darasa, ili siku ile ulimi usinisaliti. Ni maneno machache tu: Nimepotea. Nakwenda kwa mama yangu. Nionyesheni njia.

Mdogo wako afuataye visigino vyako,

Alfonsi